Kijiko cha Kasa

Ghubra, Maskati
Ijumaa, 1969

Baba yangu,

Sijapata kukuandikia barua hata siku moja, kwa sababu hatujapata kukaa mbali. Unguja nyumba ilikuwa moja, na huku ulilala chumba cha pili, ukikohoa nasikia. Sasa ni mwezi wa tano sisikii kitu. Skuli yangu unaijua ilikoishia, basi usinicheke maandishi. Nna khabari ambayo hapana mwengine wa kumwambia akaielewa kama wewe. Ni ya Kasa. Nakwenda nayo taratibu, nikikimbilia mwisho nitalia, na karatasi yenyewe ni hii moja.

Tangu tulipokuzika nilikuwa sijamgusa. Alikuwa chini ya kitanda chako, ndani ya shuka, nyambizi yako ya mabati ya mikebe ya biskuti, urefu wa mkono wangu. Nilikuwa na miaka minane ulipoanza kumuunda pale dukani. Watu wanaleta redio zao mbovu, zinangoja, wewe umeinama unatia lehemu na mimi nakushikia waya. Ukamwita Kasa kwa kuwa akizama hurudi juu kuvuta pumzi. Tulipohama ulimfungua vipande vipande. Rafadha, ile feni yake ya nyuma ya kumsukuma, ukaifunga ndani ya kanga zangu, na kile kisanduku cha kumwamrisha, chenye kitufe kimoja, ukakizika kwenye mchele.

Mwezi uliopita Moza wangu aliingia chini ya kitanda akamvuta kwa mkia. Ameshatimiza miaka miwili, Baba, hakamatiki. Nilipoifunua shuka moyo uliniuma. Mapezi yameshika kutu, mipira imekauka inakatika kama maganda ya kitunguu. Nikasema hapana, kazi ya mikono ya baba yangu haiozi na mimi nipo. Nikamkwangua, nikamtia lehemu palipofunguka, mume wangu Salim akaniletea betri mpya kutoka Matrah anakofanya kazi. Nikawa na furaha ya kijinga. Nikapanda darini na kisanduku, nikaivuta ile fimbo yake ya chuma mpaka mwisho, nikabonyeza nione kama Kasa atanisikia kutoka uani. Usukani wake ukageuka. Nilipiga ukelele.

Kosa langu ndilo hilo. Unajua wakati wenyewe huku ulivyo, vita viko kusini na serikali inawinda majasusi, chombo cha kutuma kitu hewani si cha kusimama nacho juu ya dari mchana kweupe, chuma kinametameta.

Jumatatu walikuja askari wawili na mkubwa wao. Salim alikuwa ndiyo kwanza ameingia, hata viatu hajavua. Yule mkubwa akakigeuzageuza kisanduku akauliza, "Hiki kinasema na nani?" Na Salim, unamjua ulimi wake akishikwa na khofu, akajibu, "Kinasema na samaki, bwana." Askari mmoja akacheka. Mkubwa hakucheka. Akasema atarudi Alkhamisi baada ya Alasiri. "Samaki akiitika, ni mchezo. Asipoitika, utafunga nguo zako twende ngomeni, ukanieleze vizuri unasema na nani." Akaondoka na kisanduku.

Jumanne nilibaki na Kasa tu, bila sauti ya kumwita. Nikasema basi angalau asivuje. Nikakata pete mpya kwenye mpira wa ndani wa baiskeli, ile pete inayokaa pale chuma cha rafadha kinapotokea nyuma. Grisi sikuwa nayo. Nikaona kopo la sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo vya mbao, mamkwe huliweka karibu na kisima. Nikafikiri, mafuta yanayoizuia bahari, yatashindwa na birika la kunyweshea mitende? Nikaipaka pete kwa wingi, nikamwacha Kasa aelee birikani mpaka kesho yake.

Jumatano asubuhi hakuwepo juu. Nikatazama chini nikamwona amelala kwenye tope.

Salim alimfuata majini na kanzu yake vilevile. Tulipomfungua maji yalimwagika kama kahawa kwenye dele, na pete yangu, Baba, ilikuwa imevimba, laini, inateleza kama ulimi wa ng'ombe. Maji yamefika mpaka kwenye kile kipande cha ndani kinachosikia amri. Salim hakugomba. Bora angegomba. Alikaa ukingoni anakamua kanzu, kisha akasema polepole, "Zuwena, nitafutie fulana nzito. Wanasema kule ngomeni kuna upepo."

Nikaingia ndani nikajifunika uso kwa mto wako.

Nilipotoka nilimkuta mamkwe uani. Amekiweka kile kipande kilicholowa kwenye sinia juani, na yeye amekaa kwenye mkeka anakipepea inzi. Mdomo haujanyamaza. "Wenzio wanakaanga samaki, weye unamtia lehemu! Mwanangu aende kufungwa kwa ajili ya kopo la biskuti!" Lakini mkono unapepea. Alipepea mpaka jua likashuka, na mimi sikuthubutu kumwambia ahsante, nikijua nitamkatiza.

Sasa nisikilize hapa. Alkhamisi asubuhi Moza alikuwa na tumbo gumu, siku ya tatu hajapata choo. Nikachukua chupa ya mafuta ya nyonyo, nikamshika, akafunga mdomo, akatupa miguu. Mara nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema, "Kijiko chako, kijiko cha Kasa." Nikaganda na kijiko mkononi.

Ulikuwa ukinambia hivyo, Baba. Kila nilipokataa nyonyo unaninywesha mimi kijiko, kisha chupa ileile unammiminia Kasa nyuma, pale kwenye rafadha. Miaka yote nikidhani unanidanganya ninywe! Kumbe ulikuwa kazini. Mpira hautaki mafuta ya papa, nyonyo haiudhuru. Hukunambia sababu, au ulinambia nikiwa mdogo sikusikia, nilikuwa nalia. Nimekasirika nawe kidogo, nikwambie kweli. Kisha nikacheka peke yangu mpaka Moza naye akacheka, mdomo ukafunguka, nikamtia kijiko chake.

Mpira uliobaki ulitosha pete moja tu. Nikaikata. Nikaipaka nyonyo, nikafunga kila kitu. Muda wa kumjaribu haukuwepo, adhana ya Alasiri hiyo.

Wakaja. Mkubwa akakiweka kisanduku ukingoni mwa birika akamwambia Salim, "Yallah, haya tuone." Salim akakichukua, akanipa mimi. Yule bwana akanitazama na buibui langu na mtoto kiunoni. "Huyu?" Salim akasema, "Huyu ndiye fundi." Hajapata kuniita hivyo.

Nikampa mamkwe mtoto. Nikawasha mota, nikamtia Kasa majini, akaenda moja kwa moja. Nikabonyeza mara moja apinde. Hakupinda. Nikabonyeza tena, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ndiyo inayosikika. Usukani ukacheza, Kasa akapinda kushoto, pua imekaribia kugusa ukuta. Mkubwa akasogea karibu. "Na kuzama?"

Nikashika kitufe nisikiachie, kama ulivyonifundisha. Akainamisha kichwa akaingia. Maji yakafunga juu yake. Nikaona kivuli chake, kisha sikukiona.

Baba, sijui ilikuwa kitambo gani. Nasikia pumzi ya ng'ombe avutaye maji kisimani tu. Viputo viwili vikapanda. Mkubwa akasema, "Hapandi." Akanyoosha mkono kutaka kisanduku. Na mimi nimebonyeza, nabonyeza mpaka kidole kimekuwa cheupe, naona nikiachia tu Salim anakwenda. Hapo ndipo ukanijia na lile neno lako la dukani, nilipokuwa namzamisha kwenye karo naogopa: "Ukiogopa, ondoa kidole. Kasa mwepesi kuliko maji, njia ya juu anaijua mwenyewe."

Nikaondoa kidole.

Alitokea karibu na miguu ya yule bwana, akamrushia maji kwenye viatu. Mamkwe akapiga kigelegele, yeye aliyekuwa akinitukana! Moza akapiga makofi.

Mkubwa akavikung'uta viatu vyake maji. Kisha akasema, "Tena," na safari hii akabonyeza mwenyewe. Akamzamisha mara nne. Askari wake wakaanza kubishana nani afuate.

Mwisho akasema, "Mchezo nimeuona kwa macho yangu. Mume akae kwake." Nikashukuru Mungu. Lakini kisanduku akakibana kwapani. Akasema kukiruhusu si juu yake, kitakaa kwake mpaka apate amri. Alipofika mlangoni alirudi, akanyoosha kisanduku kwangu akauliza kwa sauti ya chini, "Nizitoe betri? Zisije zikavuja ndani." Nikamtolea. Baba, mtu asiyekusudia kukirudisha haulizi betri.

Basi Kasa yuko kavu, nimemfuta, yuko kitandani kwako, si chini tena. Hana wa kumwita kwa sasa. Mimi pia kuna saa naita kwenye chumba cha pili nasahau.

Lala salama, Baba, Mungu akupe nafasi na nuru humo ulimo. Naahidi: kila mwezi, Moza akitaka asitake, nitashika ile chupa, nitampa cha kwake, na cha pili nitamtia Kasa nyuma kwenye rafadha. Na sababu nitamwambia, hata akiwa analia. Siku kisanduku kikirudi, pete iwe haijakauka, na kidole cha kubonyeza kiwe cha Moza.

Mwanao,
Zuwena