Jino la Wycliffe

Mbotela, Nairobi

Mdogo wangu Rispa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi. Mguu unaendeleaje? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima. Chapati zangu hapa karibu na korti ya Makadara zinaisha kabla ya saa nane. Hata hakimu hutuma mtu kwangu, si kwa wale wengine.

Nimeandika kwa sababu simu yako mnaiweka sauti ya juu, na haya si ya masikio ya mwanao Wycliffe.

Kelvin wangu alipiga Jumapili. Unajua vile mimi humsifu, na sitaacha: koplo wa jeshi, nani mwingine kwa ukoo wetu? Lakini aliongea chinichini. "Mathe, tunavuka."

"Mnavuka wapi, na si mko mpakani tayari?"

"Tunawafuata magaidi hukohuko Somalia."

Rispa, upande huu wanajeshi wetu barabara wanazijua na wenyeji huwaletea habari. Ng'ambo, bomu linaweza kuwa limezikwa popote, na akiumia, ndege ya kumchukua ni ya kungojea. Wateja wangu nao wanabishana: "Tukiingia kwao, watalipiza hapa mjini." "Na tukikaa si watatufuata tu?" Mimi chapati ikaniungulia kikaangoni.

Sasa sikia aibu yangu. Ile siku ya kuchagua makurutu uwanjani, Wycliffe alipofunguliwa mdomo akarudishwa kwa sababu ya pengo, nilicheka mbele ya watu. Nikasema, "Rispa, huyu wako atalinda ndizi." Leo analinda ndizi, na jioni unamwona akila. Nakuonea wivu, mdogo wangu, wivu wa kuchoma. Juzi uliponiambia amekuezekea jikoni, nilijifanya mtandao umepotea nikakata simu.

Kwa hivyo uliponiomba nimtafutie daktari wa kumwekea jino ajaribu tena jeshi, nilikubali mbio. Nilienda hadi kliniki ya meno kule Buruburu. Msichana wa mapokezi akaniuliza, "Mama, mgonjwa ni mtoto wako?" Hapo ndipo nilipojijua. Sikuwa nimeenda kukusaidia, Rispa. Nilitaka nawe uwe ukishtuka kila simu ikilia, tuwe wawili. Nilitoka bila kuandikisha jina.

Sitarudi huko. Mwambie Wycliffe mama wakubwa wa mjini ni waongo, au mwambie lolote. Akikasirika anikasirikie mimi mamake mkubwa. Mtu akimcheka, mtume kwangu huyo mtu.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na mama mkwe wako hata kama hanipendi. Mchungaji naye mwambie akiombea wanajeshi Jumapili, asiwaombee kwa jumla. Asiseme mwanangu yuko wapi, lakini amtaje kwa jina, Koplo Kelvin, mwana wa Jerusa, aseme polepole, Mungu asije akamchanganya na mwingine.

Ni mimi dada yako,
Jerusa, Mama Kelvin