Vyumba Viwili Mombasa, na Mama Je?

Jumamosi, katikati ya Julai. Marangu.

Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi. Nguo nilizofua juzi bado zinaning'inia chini ya paa la zizi, zinanuka ng'ombe, na goti langu la kushoto limeamka kabla yangu. Nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule wa kukaa ukingoni mwa kitanda ukijibembeleza uweke mguu sakafuni.

Nilistaafu ualimu mwaka jana. Watu wakanipongeza, wakanivisha kitenge, wakaniambia sasa pumzika, Mwalimu. Nipumzikie wapi? Ng'ombe hawajui kama nimestaafu, wao wanataka majani. Mume wangu, Baba Neema, ni mtoto wa mwisho kwao, na huku kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na kihamba: shamba la ukoo, nyumba, mifugo, makaburi, na mama. Kaka zake wako Dar na Mwanza. Wanakuja Krismasi, wanakula ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma, wanapiga picha na migomba, wanaondoka. Kwa hiyo mimi sikuolewa na mtu mmoja, niliolewa na eka mbili na mama mkwe.

Ndiyo maana miezi hii yote nimekuwa natafuta mji wa kuzeekea. Tena nje ya nchi. Binti yetu Neema aliniuliza kwenye simu, kwani Tanga pana nini, Mama? Nikamwambia Tanga watanifuata. Kila kamati ya harusi itanikuta Tanga. Nataka pawe na mpaka kati yangu na ukoo, mpaka wenye askari na geti.

Basi nimetafuta, macho yameuma kwa kutazama simu. Kigali ni safi, lakini ni milima mitupu. Nimepanda mlima kwenda shule na kushuka mlima kwenda sokoni umri wangu wote, halafu uzeeni nihamie mlima mwingine? Thubutu. Lusaka ni tambarare, ila kodi za nyumba zilinifanya nizime simu nikachemshe chai. Lilongwe ni nafuu, lakini ni mbali hata kwa anayekimbia ukoo. Kampala ina haraka kuliko mimi.

Nikaishia Mombasa. Ukitoka Himo unapita Holili mpakani, unapita Taveta, jioni umefika. Kuna joto la kulainisha goti. Kiswahili changu watakicheka, na wacheke. Zuhura wa Njoro, niliyefundisha naye, ana dada yake kule, na wamenipatia vyumba viwili vya uani ambavyo pensheni zetu mbili zinavimudu. Kitu kimoja tu kinanisumbua, kadi yetu ya bima haivuki Holili, kwa hiyo itabidi tuugue kwa adabu.

Siyo kimoja. Nadanganya.

Katika vile vyumba viwili, Mama mkwe hayumo. Nilishaongea na wifi yangu wa Moshi mjini, kimyakimya, ampokee. Baba Neema nilimwambia, akajibu "tutaona," na kila nikimkumbusha anasema Mama hawezi kuondolewa kwenye kihamba, atakufa mwezi huohuo. Na mimi nikimsikia anasema hivyo, namchukia yule bibi kidogo. Nimeandika. Ndiyo ukweli.

Leo Baba Neema aliahidi kumwambia mama yake. Tulikula mtori mchana, watatu tu, tumezunguka moto jikoni. Akaanza kwa kumsifu ng'ombe. Akahamia kwa mchungaji mpya. Akahamia kwenye parachichi. Nikaona huyu atafika Krismasi bado anazunguka, uvumilivu ukanishinda.

"Mama," nikasema, "tunataka kuhamia Mombasa."

Akaweka bakuli chini. Nikasubiri kilio.

"Kuna baridi huko?" akauliza.

"Hapana, Mama. Ni joto."

"Joto kama la wapi?"

"Kushinda hata la Kwa Sadala."

Akajifunga khanga vizuri, akanitazama usoni. "Na mimi nitalala chumba gani?"

Aisee. Nilikosa pa kuweka uso.

Baba Neema ndiye aliyeruka. "Mama, wewe huwezi kuacha kihamba!"

"Nani alikwambia?" Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi kwetu ni Kwa Sadala, kule chini kwenye joto. Nililetwa huku msichana, nikaambiwa mumeo ni wa mwisho, hapa ndipo kwako. Hakuna aliyeniuliza. Nimebeba majani ya ng'ombe mpaka shingo ikaingia mabegani. Mlidhani niliota hapa kama mgomba?"

"Na Baba je?" Kaburi la baba mkwe liko nyuma ya zizi. "Nani atabaki na Baba?"

"Baba yako kila akitoka kwenye pombe yake ya mbege alinikuta hapa namsubiri. Na yeye asubiri kidogo."

Nilicheka mpaka nikatoka nje. Huko nje nikashangaa nalia, nimeshika nguzo ya zizi kama mtu aliyefiwa. Miaka yote hii nimemwona yule mama kama ndiye kihamba chenyewe. Nilidhani yeye ndiye anayenizuia. Kumbe na yeye ni mkamwana aliyeletwa, sema amechoka zamani zaidi yangu. Tumekaa moto mmoja, hatujawahi kuulizana.

Lakini nisijifanye malaika. Nilikasirika pia. Nilitaka mahali ambapo sitampikia mtu uji asubuhi wala kumsugua mtu mgongo, sasa uji nao unahamia Mombasa. Nimekaa na hasira hiyo kama saa nzima. Halafu nikamwandikia Zuhura, hivi hakuna chumba cha tatu? Akajibu kipo, kidogo, dirisha lake linatazama ukuta. Nimesema tunakichukua. Mama ameshaanza kuuliza kama Walutheri wapo huko, na kama ndizi zao zinafaa kwa mtori. Nimemwambia Walutheri wapo. Ndizi sikumwahidi.

Aliyebaki ni Baba Neema.

Tangu mchana amesema neno moja tu. "Ng'ombe nani atawakatia majani?" Nikajibu wauzwe. Alinitazama kana kwamba nimesema tumuuze Neema. Kisha akavaa koti lake la mvua, akaenda kwenye migomba, na mpaka sasa ninapoandika namwona dirishani amesimama palepale. Hakati kitu, hapalilii kitu.

Nimemfikiria. Siku zote amesema anabaki kwa ajili ya mama yake, na nadhani mwenyewe aliamini hivyo. Leo mama yake amemwondolea sababu hiyo mbele yangu, na mtu mzima wa miaka sitini na mbili amekimbilia migombani. Yeye hakuletwa hapa. Yeye ndiye aliyeota hapa. Nimekaa naye miaka thelathini na minne na hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja, nilikuwa nahangaika na goti langu.

Giza linaanza kuingia. Nitamwita aje anywe chai, na ya Mombasa sitayagusa leo, sina nguvu. Kesho tukitoka ibadani nitamuuliza, tukiwa njiani wawili tu. Nilipoolewa nilibeba sanduku langu nikamfuata mume huku mlimani, kwa sababu mwanamke ndivyo anavyofanya. Safari hii anayeondoka ni mimi, tena na mama yake mzazi, na yeye ndiye wa kuamua kama atanifuata.

Naogopa atasema hapana. Na naogopa zaidi kwamba hata akisema hapana, nitakwenda.