Kiboko wa Kibuyu

Bustani ya Mapumziko,
Mtoni Simiyu, Bariadi.
9 Oktoba 1994

Kaka yangu Luhaga,

Mwadila, kaka. Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili huko Rukwa, wewe na shemeji Gloria, pamoja na ng'ombe mliohama nao. Huku kwetu ni mhola duhu, amani tu. Mayu, mama yetu, anakohoa kidogo asubuhi, ila sauti ya kutugombeza haijapungua. Mzee goti linamsumbua, na bado hataki kuegemea fimbo. Anasema fimbo ni ya kuchungia, siyo ya kuzeekea.

Barua yako niliipata kwa dereva wa lori la pamba. Umeniuliza mambo mawili: kazi yangu, na hali ya Kabuti, yule maksai uliyeniachia. Nianze na kazi, maana Kabuti nitamfikia.

Kaka, siku hizi mdogo wako ni mtu mzito. Yule mliyesema darasa la tano limemtapika, sasa anavaa suruali ya kijani ya mtumba yenye mifuko sita, kofia ya kaki, na filimbi ya chuma shingoni. Wageni wananiita ofisa, na mimi siwakatazi. Bunduki sina, lakini natembea kama mtu aliyeiacha nyumbani.

Ninacholinda ni lile dimbwi letu. Ndiyo, lilelile. Limekodishwa kwa Bwana Januarius, yule aliyekuwa karani wa kupima pamba. Mambo ni soko huria, hata maji yamepata mwenyewe. Amezungusha senyenge, amejenga vibanda vya nyasi, ameweka redio ya kaseti. Jumapili watu wa mjini wanakuja kuogelea na kula nyama choma. Mimi nawaonyesha pasipofaa kupiga mbizi, naokota chupa zao, na walevi nawavuta nchi kavu. Mwezi wa tano nilimtoa mwalimu mzima, ameshika kiatu chake juu kisilowe, mwenyewe anazama. Akanishukuru kwa Kiingereza. Nikamjibu yes.

Lakini nikikaa juu ya lile jiwe bapa, kaka, nakuona wewe. Nakumbuka tulivyokuwa tunafika saa sita na kukuta vijana wa ng'ambo wametutangulia na ng'ombe wao. Ulikuwa unaingia kwenye matete na kibuyu chako, unazamisha mdomo wake nusu, unapuliza: hoo, hoo, hoo. Mimi natikisa matete upande wa pili. Wale vijana walikuwa wanakimbia mpaka wanaacha viatu vya matairi, wanapiga kelele kwamba kiboko anatoka. Kisha ng'ombe wetu wanashuka kwa raha, na Kabuti, ndama bado, mgongo mweusi kama aliyevaa koti, anawapita mama zake wote ili awe wa kwanza majini. Siku mzee alipogundua alikuchapa wewe peke yako, na hukusema nani alitikisa matete. Sikuwahi kukushukuru. Wabeja, kaka.

Sasa, mwaka huu jua limetuonea. Kufika mwezi wa saba visima vilikuwa vimekauka, hata ngitili ya mzee, yale malisho yake ya akiba, ilikuwa vumbi. Maji yakabaki hapa dimbwini, na Bwana Januarius ameandika kwenye bati: NG'OMBE MARUFUKU. Mzee alikuja getini na ng'ombe kumi na wanne, mbavu zinahesabika. Hakuniita Salu. Alivua kofia yake, akaniita bwana askari, akaomba wanywe mara moja tu. Bosi alikuwa nyuma yangu. Nikamwambia baba yangu kwamba haiwezekani. Akavaa kofia akageuka. Usiku ule ugali ulinikataa, na unajua ugali na mimi hatujawahi kugombana.

Kesho yake nilitafuta kibuyu.

Najua hapo umeshaanza kucheka. Nilipuliza saa nne asubuhi, bosi akiwa anakunywa chai. Chai ilimwagika kwenye kaunda suti. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba ni kiboko dume, mkorofi, na amechagua upande wa juu wenye matete. Akaufunga upande ule siku hiyohiyo, akakataza mtu yeyote kusogea isipokuwa mimi. Basi kila siku saa kumi nalegeza senyenge, na mzee na majirani wananywesha taratibu. Bosi naye hakupata hasara. Watu walikuja kutoka Bariadi mjini kusikiliza kiboko. Walikaa vibandani na soda zao, nami nawapulizia kutoka mateteni, wanapiga makofi. Bwana mmoja aliapa ameona masikio. Nilimwonea wivu, maana mimi sikuwa nimeyaona.

Mzee alijua toka siku ya kwanza. Alisema sauti ile aliwahi kuichapa.

Kaka, sasa namfikia Kabuti. Barua yangu ya mwezi wa tisa nilikuandikia kwamba amenenepa na anakusalimia. Nilikudanganya. Nilipoandika maneno yale alikuwa na wiki tatu amekufa.

Ilikuwa mwezi wa nane, saa kumi kama kawaida. Nilipuliza mara tatu, na kutoka kwenye matete nikajibiwa. Hoo, hoo, hoo. Kisha nikaona masikio na macho, yananitazama. Madimbwi ya chini yalikuwa yamekauka, na mwenye sauti alikuwa amekuja kutafuta maji kama sisi.

Nilikimbia. Mzee alikuwa ameshashuka na ng'ombe. Nikamwambia asimame, kuna kiboko. Akacheka mpaka akashika goti. Akaniuliza kama nimesahau aliyenizaa, akasema kiboko yule ni wa kibuyu na mwenye kibuyu wa kwanza bado ana alama matakoni. Nikapuliza filimbi. Akaniambia nitunze pumzi kwa ajili ya watu wa mjini. Akaingia, maji magotini. Nikamkumbatia kiunoni nikamvuta nyuma, naye akanichapa fimbo ya kichwa, akisema sina adabu, namtia aibu mbele ya ng'ombe. Tukiwa tunashindana pale, Kabuti akatupita. Unamjua, hakubali kuwa wa pili majini.

Kiboko alimuuma ubavuni. Wengine walirudi mbio, na yeye akatoka mwenyewe, akapanda ukingo, akalala. Jua halikuzama akiwa hai. Mzee alikaa pembeni yake, mkono juu ya ule mgongo mweusi. Hakunilaumu. Aliuliza tu tutamwambia nini Luhaga. Nikasema nitaandika. Nikaandika uongo, kwa sababu ulisema ukirudi, Kabuti ndiye atakayekuonyesha kwamba umefika nyumbani.

Bosi nilimweleza yote siku ileile. Alininyang'anya filimbi na kofia. Siku ya tatu akanirudishia, maana hakupatikana mwingine wa kukaa karibu na dimbwi lile. Sasa siruhusu hata bata aingie upande wa juu. Alfajiri kabla ya kazi nashuka chini ya mto, nachimba mchanga mpaka maji yanatoka, mzee ananywesha humo. Ni kazi ya mgongo, na hakuna anayeniita ofisa.

Ngozi ya Kabuti mzee amekataa isiuzwe. Ameitandika pale unapolalaga.

Unikasirikie kaka, ni haki yako, ila usiache kuandika. Na kuna moja sijamwambia hata mzee. Ule muda kidogo nilipojibiwa, kabla sijaona masikio, sikuogopa. Nilifurahi. Nilisimama majini na kibuyu changu, nikaita jina lako, nikijua umerudi na umejificha upande wa pili.

Msalimie sana shemeji Gloria, na kila anayeuliza habari zetu mwambie tunangoja mvua. Mayu anasema ukipata anayekuja huku, usimtume mikono mitupu. Mzee anasema uje mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
aliyetikisa matete,
Salu