Shati Kavu la Kaka Yako

Nyumbani kwetu,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, mchana wa joto.

Mpendwa shemeji yangu,

Pokea salamu za mke wa kaka yako, huyu unayemwita bibi kizee ingawa mvi zako zimezidi zangu. Hujambo? Kifua je, na lile goti? Mama watoto bado anakulisha mpaka unafungua mkanda?

Sisi tunasukuma siku. Naandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne, kwa kuwa kaka yako bado hawezi kushika kalamu. Alianguka mbele ya tanuri. Yu hai, shemeji, kaa chini kwanza usome.

Unaujua mchezo wao wa kiwandani. Zamu ikiisha wanavua mashati na kuyakamua juu ya ndoo, na anayetoa jasho jingi ndiye anayeosha masinia ya wote. Ujanani kaka yako aliyaosha mpaka vidole vikachubuka. Lakini miaka hii ya uzee shati lake halikutoa hata tone. Wakambandika jina, Mkavu. Nami unanijua, bombani sikumwacha mtu apumue: mume wangu ni chuma, moto wenyewe unamwogopa!

Vijana wakimsihi anywe maji, alikuwa akiwajibu, "Nimetoa nini hata nirudishe?" Wanacheka, naye anaendelea na mikate yake. Siku hiyo joto lilikuwa kali hata nje. Ngozi yake ilikauka kama karatasi, ukiigusa inaunguza, akaanza kumwita marehemu mama yenu kana kwamba yuko pale kando yake. Kisha akaanguka kama gunia la unga.

Binti yangu ndiye aliyenifungua macho. Huyo si nesi wa kubeba mabeseni tu, shemeji. Madaktari wakikosa mshipa wanamwita yeye! Anasema jasho ndilo linalopoza mwili. Mtu akizeeka linachelewa kutoka, linatoka kidogo, na hata kiu inapungua. Kumbe ule ukavu haukuwa nguvu. Ulikuwa uzee.

Nikabisha, si unanijua. "Mbona fundi viatu kamzidi baba yako umri na analowa kama kuku aliyenyeshewa?"

"Mama, yule anatembea kila siku. Mwili wenye mazoezi haukawii kutoa jasho, hata ukizeeka. Baba, hata hatua hizi chache, anabebwa na gari la mikate, na akifika kiwandani ana kiti chake."

Hata kwa gari lile nilitamba mtaa mzima, kwamba mume wangu anafuatwa mlangoni kama waziri.

Basi kazi imekwisha. Wenzake walimletea aproni yake, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Walikaa kwenye benchi, hakuna aliyetania. Yeye akauliza, "Leo masinia kaosha nani?"

Jua likipoa namsukuma atembee mpaka kwa fundi viatu na kurudi. Anakwenda kama mtoto anayepelekwa sindano. Juzi alirudi, nikapitisha mkono mgongoni, nikakuta shati limelowa. Shemeji, nilipiga kigelegele majirani wakatoka nje! Alinitazama kwa huruma, akaniambia polepole, "Hayo ni maji, mama. Nilizidiwa njiani, fundi viatu akanimwagia kikombe."

Sijapiga kigelegele tena.

Sasa nakugeukia wewe. Unasimama mbele ya tanuri la vioo, damu moja na yeye, na katika barua yako ya mwisho ulijisifu kwamba feni mnawaachia vitoto. Nilicheka nikamsomea kaka yako, naye akacheka. Leo nimeirudia, sikuweza kuimaliza. Kunywa maji hata kama huna kiu. Tembea, usisingizie goti. Na ukimaliza kusoma hapa, peleka mkono mgongoni. Ukikuta kavu, usiende kumtambia mtu. Mwambie mama watoto.

Msalimie sana, pamoja na shangazi fundi cherehani na yule mwanao mtundu, Kijiko. Kaka yako anakusalimu. Yuko hapa mlangoni, anawatazama wenzake wakitoka zamu, mashati yamewagandia mwilini.

Mungu akujalie jasho jingi, shemeji yangu, likuloweshe mpaka soksi.

Wako akupendaye,
Mke wa kaka yako,
Mama Nesi.