Bampa ya Gari Langu la Kiitaliano

Jumamosi, 14 Machi 1992

Siku nne tu nimekuwa matangani Port Victoria, na fundi wangu Onyango ameniharibia gari.

Nilimwachia lile gari langu la Kiitaliano la viti viwili, la mwaka wa sitini na nne, azibe kutu mlangoni. Mlango tu! Leo nimelikuta gereji kwake Kibuye limevuliwa bampa ya kromu na kuvalishwa ya plastiki. Nyuma limechomelewa bawa kama la magari ya mashindano.

"Nimekusaidia, Mzee," akasema kwa majivuno. "Sasa inakaa kama zile mpya za Italia."

"Nani alikuambia nataka mpya?"

"Lakini Mzee, kila mtu anataka mpya!"

Bampa yangu ameshaipeleka kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu Obunga. Bampa ambayo hata Italia hawaitengenezi tena. Nikaendesha hadi nyumbani nimefura, na barabarani watu wakinipigia makofi. Hata mke wangu amelisifu.

Niliyemwogopa zaidi ni Barasa. Miaka yote rafiki yangu huyu ananibishia kwamba magari ya Kiitaliano ni haya mapya tu, na langu ni kopo la samli. Alipokuja jioni nilingoja anicheke. Akalizunguka mara mbili, akapapasa pale bampa ya kromu ilipokuwa. Nikamwambia ilikopelekwa.

"Pole sana, Bwana," akasema. "Washa gari. Twende Obunga kabla hawajaikata."

Tumechelewa. Tumepata nusu tu.

Barasa ameipakata njia nzima.