Kura ya Ishirini na Saba

Naipingo, Nachingwea
14 Januari 2024

Mdogo wangu Uwesu,

Assalaam alaykum. Mpe pole mkeo Raudha kwa mguu, nimesikia ameanza kukanyaga. Huku wazima, mahindi yamefika kiunoni. Mama magoti yanamsumbua, ila mdomo ni mzima kabisa.

Barua hii anakuletea Shakila muuza vitenge, anayekuja gulio la huko. Simu siziamini. Nikikuandikia ujumbe asubuhi, jioni Masoudi anausoma kwa sauti mbele ya watu.

Masoudi anataka kubadilisha katiba ya Umoja wetu wa wakulima. Tangu Baba alipouanzisha, wajumbe arobaini wa Baraza wanaweza kumwondoa Rais kwa theluthi mbili, yaani kura ishirini na saba. Sasa anataka ziwe thelathini na sita. Akiwa na rafiki watano tu, hang'oki mpaka afe. Kisu alichomchinjia Baba anataka kukizika kabla hakijamgeukia yeye.

Baba aliondolewa kwa kura ishirini na saba kamili, baada ya miaka kumi na minne kitini. Masoudi akakikalia. Miezi minane baadaye tukamzika Baba, na Masoudi, kwa kuwa ni mtani wetu, akaingia kaburini akalala chali, akasema marehemu hazikwi mpaka zipatikane kura ishirini na saba. Watu wakacheka, ndiyo desturi. Mimi nikacheka nao, nikampa kuku ili atoke. Lile cheko halijanitoka kooni.

Mkutano ni Jumamosi, tarehe 9 Machi. Hoja ya kumwondoa nimeiandika mimi, na kwa katiba yetu hoja ya namna hiyo hutangulia nyingine zote. Nimeweka sababu tatu, zote za kweli: hajaitisha hesabu, hajafika Kilimarondo tangu achaguliwe, na ghala analifungua kwa jamaa zake kwanza. Wewe sikudanganyi. Ya nne, ya kaburini, ndiyo inayonisukuma.

Nimepata ishirini na sita. Wewe ndiye mjumbe wa Nambilanje. Nataka kura yako.

Dada yako,
Semeni


Nambilanje, Ruangwa
3 Februari 2024

Dada Semeni,

Waalaykum salaam. Tunashukuru Mungu. Raudha anatembea, anachechemea kidogo, na anakusalimu. Mama mwambie nitamletea mafuta ya kuchua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Usikasirike, dada, lakini hoja ya Masoudi naona ina maana hata kama mwenyewe hana. Hebu fikiri: ingekuwa thelathini na sita mwaka ule, Baba angekufa akiwa Rais. Hata Rais wa nchi huondolewa kwa theluthi mbili za wabunge, lakini kule wabunge ni mamia. Sisi ni arobaini tu. Mtu mmoja akiamka vibaya, kiti kinaanguka.

Na yale ya kaburini ni utani. Mtani halipiziwi kisasi, tumekua tukijua hivyo. Angekufa Masoudi, wewe ungelala kwenye kaburi lake ukataka kuku wawili.

Nipe muda nifikiri.

Mdogo wako,
Uwesu


Naipingo
11 Februari 2024

Uwesu,

Salamu kwa wote hapo. Mama hataki mafuta, anakutaka wewe. Tangu arobaini ya Baba hujakanyaga hapa, na kutoka Ruangwa hadi Nachingwea si safari ya kumshinda mtu mwenye pikipiki.

Umenifundisha katiba vizuri, kama niko darasani. Sheria ambayo ingemwokoa Baba wanaileta wakati Baba hayupo, imwokoe aliyemwangusha, na wewe unaniambia ina maana. Ina maana, ndiyo. Hiyo ndiyo inayonichoma.

Utani simdai. Namdai kiti.

Unasema mtu mmoja akiamka vibaya. Mimi namfikiria sana huyo mtu mmoja. Unajua kura zetu zinavyopigwa: chungu kimoja, mkono unaingia umefumba. Korosho, aondoke. Mbaazi, abaki. Kila mjumbe anakuja na zake kutoka kwake. Wale ishirini na sita waliomwangusha Baba walijulikana kabla, walikula kiapo nyumbani kwa Masoudi, Baba mwenyewe alikuwa na majina yao. Mmoja hakuwemo. Unamjua?

Usiponijibu kuhusu hoja, nijibu kuhusu huyo.

Dada yako,
Semeni


Nambilanje
2 Machi 2024

Dada yangu,

Nakusalimu wewe na Mama. Afya ipo, usingizi ndio haupo.

Ni mimi.

Sikuwa na Masoudi, wala sikula kiapo kwake. Mwaka ule salfa ya Nambilanje, dawa ya mikorosho, ililetwa mwezi wa nane, imelowa, imeganda. Mikorosho ilishashikwa na ugonjwa wa ubwiriunga, maua yakawa meusi. Mzee Eustace, jirani yangu, hakupata hata gunia moja. Nilikwenda kwa Baba mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia nisubiri. Mara ya pili aliniambia mtoto hamuulizi baba yake. Mimi sikwenda kama mtoto, nilikwenda kama mjumbe. Kijiji kikakaa mkutano, wakanituma. Nilifika na mbaazi mfuko mmoja na korosho mfuko mwingine, na mkono ukaingia kwenye wa korosho.

Sikujua kwamba yangu ndiyo itakayotimiza hesabu. Nilidhani itakuwa kura ya kumshtua tu. Walipomaliza kuhesabu nilitamani chungu kivunjike.

Ndiyo maana siji. Mama akiniangalia naona kama anajua.

Jumamosi nitakuja, na nitakupa kura yako. Nakuomba mambo mawili. Unisamehe. Na Masoudi akishatoka, ile hoja ya thelathini na sita iache ife. Niliitetea kwa sababu yangu mwenyewe, nilitaka asitokee mtu mwingine wa kufanya nilichofanya. Lakini haki ya Nambilanje kuuliza iko kwenye ishirini na saba.

Mdogo wako mkosaji,
Uwesu


Naipingo
5 Machi 2024

Mdogo wangu,

Nimeipata. Njoo. Mama atapika ugali na kisamvu cha nazi, ule kwanza ndipo twende mkutanoni. Usisahau korosho.

Dada yako,
Semeni


Nambilanje
20 Aprili 2024

Mheshimiwa Rais, dada yangu,

Idi njema, ingawa imeshapita. Natumaini mlifunga salama. Sisi tulifunga wote, Raudha siku chache hakuweza.

Kisamvu cha Mama bado nakisikia mdomoni. Alinishika kichwa kama zamani, na wewe ulicheka. Nilijua nimesamehewa.

Ishirini na saba, na Masoudi akatoka anatazama chini. Sikukwambia neno pale ukumbini, watu walikuwa wengi wanakupongeza. Lakini nilishangaa. Walipokuchagua ukakaa kitini, nilidhani hoja ya pili, ile ya thelathini na sita, utaifuta. Badala yake ukaisoma mwenyewe, ukaitetea kwa maneno yangu, hata lile la mtu mmoja akiamka vibaya, na watu wa Masoudi wakanyoosha mikono pamoja na watu wako. Ilihitaji nusu tu, ikapita.

Labda una sababu. Nieleze, nami nitawaeleza watu wa huku.

Mdogo wako,
Uwesu


Nambilanje
8 Juni 2024

Dada,

Salamu. Mama anaendeleaje? Shakila anasema barua yangu alikupa mkononi, kwa hiyo sitauliza kama uliipata.

Salfa haijafika. Naipingo mmegawiwa, nimeambiwa hata Kilimarondo lori limefika, na kule barabara tunaijua. Huku mikorosho imeanza kutoa maua. Tuna wiki tatu, si zaidi. Jana Mzee Eustace alikaa kwangu asubuhi nzima, alikunywa chai akaondoka. Wanajua wewe ni dada yangu. Wanajua niliwapelekea kura yao mwaka ule. Sina cha kuwaambia.

Kama una hasira na mimi, nichape mimi. Nyumba mia tatu hazikukosea.

Bado mdogo wako,
Uwesu


Ofisi ya Rais wa Umoja
Nachingwea, 1 Julai 2024

Kwa Mjumbe wa Nambilanje,

Barua zako mbili zimepokelewa.

Salfa ya Nambilanje imepangwa kufika mwezi wa nane.

Ndani ya bahasha hii utakuta korosho moja. Ni yako. Jioni ile ya kura, Baba aliomba chungu, akazimwaga zote mkekani, akazichambua. Hii aliitambua mara moja, kubwa, imepinda upande mmoja. Ni ya ule mkorosho aliokubebeshea kwa mkono wake, akiunga kikonyo kwenye shina, uani kwako mwaka uliooa, na hakuna mwingine unaozaa hivyo. Alikuja nayo nyumbani mfukoni, akakaa nayo chini ya mto miezi minane. Siku ya mwisho alinipa. Alisema, huyu mwache, alikuwa na haki. Mama alisikia, akaacha. Mimi nilisema ndiyo, Baba.

Kwa hiyo nilijua kabla sijakuandikia mstari wa kwanza. Masoudi nilimtaka, na nimempata. Lakini yeye alikuwa mtani, alifanya ya mtani. Wewe ulikuwa mwana. Nilikungoja useme, na uliposema, kile ulichoniomba nisikifanye ndicho nilichojua nitakifanya.

Unasema huna cha kuwaambia watu wako. Waambie wasubiri. Na wewe ukija mara ya pili, nitakwambia mjumbe hamuulizi Rais.

Ukiona nimekosea, katiba ipo. Tafuta thelathini na sita.

Semeni Abubakary,
Rais