Karani Hakuchanjwa

Nassor ndugu yangu,

Popi amezaa tena. Watoto watano, mmoja alikufa siku ya pili, wanne wapo. Kosa ni langu. Alipoingia kwenye joto nilichelewa kumfungia, na nilipotoka asubuhi nilikuta madume ya mtaa mzima yamejilaza nje ya geti kama watu waliosikia kuna ajira. Mbwa wa umri wake hafai kuzaa. Maziwa ni haba, na uti wa mgongo unaweza kuuhesabu pingili kwa pingili. Binti yangu Atupele anamkorogea uji wa dona na dagaa waliosagwa, asubuhi na jioni. Mimi nimeachiwa kazi ya kukaa kwenye kiti na kuwatoa watoto kupe kwa kibano. Vidole vinatetemeka. Kupe mmoja ananichukua dakika tano, halafu napumzika.

Naandika hivyo hivyo, kwa kupumzika. Moyo umechoka, miguu imevimba hata kandambili hazinitoshi, na daktari ameniambia kwa adabu nyingi kwamba ni vizuri nikapanga mambo yangu. Nimepanga. Lilibaki moja, na hilo si la Atupele wala la kanisa. Ni lako.

Wewe ndiye uliyenifuata, nadhani unakumbuka. Stoo yako ilikuwa imevunjwa mara ya pili, ukaja hapa Mtoni kwangu, ukasimama mbali na uzio, mikono nyuma, kanzu umeikunja kama mtu anayevuka dimbwi, ukaniomba mtoto mmoja wa Popi. Nyumbani kwako hawakutaka. Mwanao Suleiman alisema baba anaingiza najisi dukani. Ukamjibu kwamba mbwa wa ulinzi ameruhusiwa, na kwamba mwizi naye si twahara. Nilikukatalia kumchukua kabla hajatimiza wiki nane, maana anayetengwa na mama mapema hukua na woga, na mbwa mwoga huuma hovyo. Ukaja kila siku kumtazama. Wiki ya nane ilipotimia tulikuwa tumeshakuwa marafiki, wazee wawili ambao kwa miaka ishirini walikuwa wakipeana salamu tu.

Tukagawana kazi. Wewe utamlisha na kumpa jina. Kumshika, kumwogesha, kumpa dawa ya minyoo, kumpeleka kwa bwana mifugo, ulisema hiyo ni kazi ya Mkristo. Ukamwita Karani, kwa sababu alikaa mlangoni pa duka akimkazia macho kila anayeingia kama anayemwandika jina. Ulimi wake ukikugusa, ulipaosha mara saba, ya kwanza kwa mchanga wa kwenye lile kopo la maziwa chini ya bomba. Hukuwahi kulalamika. Na hukuwahi hata siku moja kuuliza kama kazi yangu nimeifanya.

Sasa sikiliza.

Mwaka ule gari la matangazo lilipita siku mbili mfululizo: mbwa na paka wote waletwe ofisi ya serikali ya mtaa, chanjo ya kichaa cha mbwa ni bure. Nilimfunga Popi kwa kamba, Karani kwa mnyororo, nikaenda. Foleni ile ilikuwa na utaratibu wake. Mwanzoni pana meza. Msichana anaandika jina la mbwa na la mwenyewe, anakupa kadi iliyokwisha kugongwa muhuri, ili kule mbele penye sindano kazi iende haraka. Nikapewa kadi mbili. Popi akachomwa. Ilipofika zamu ya Karani, majibwa mawili nyuma yetu yalirukiana, watu wakatawanyika, Karani akarudi kinyumenyume, akavua kola kichwani, akakimbia. Nilimwita. Nilimfuata hatua kumi nikasimama na goti langu. Nilimkuta kwako, amelala mlangoni pa stoo, anahema.

Si mbali, Nassor. Ningeweza kumrudisha. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimechoka, na kadi ilikuwa mfukoni. Nikajiambia nitampeleka kesho kwa bwana mifugo. Kesho ikawa wiki ijayo. Kadi nilikuachia juu ya kaunta, wewe ukaibandika ukutani kando ya leseni ya biashara, ukawa unawaambia wateja, "Huyu ana vyeti kuliko nyie." Kila nilipokuja kununua sukari niliiona. Mwanzoni niliona haya. Baada ya muda nikaizoea, na mtu akishazoea kitu cha namna hiyo huanza kukiamini.

Miezi ikapita. Karani akaacha kula. Akawa anajificha chini ya shelfu, na sauti yake ikabadilika, ikawa kama ya mtu aliyekwamwa na mfupa. Wewe ulidhani ni mfupa kweli. Ulipomsogezea maji akakung'ata kiganjani. Jeraha dogo, matundu mawili.

Ulikuja kwangu umeshaosha mkono, mara saba na mchanga wake, ukasema, "Sasa hivi mie msafi kuliko wewe na kanisa lenu zima." Tulicheka. Kisha ukaniuliza, kama mtu anayeuliza saa: "Mwalimu, si alichanjwa huyu?"

Nikakujibu: "Kadi si iko ukutani?"

Sikusema ndiyo. Miaka miwili nimejificha nyuma ya hilo, kwamba sikusema ndiyo. Nikaongeza kwamba hata hivyo ni vizuri uende hospitali, lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayemshauri mwenzake achukue mwavuli. Ukasema, "Nifunge duka nikapange foleni, mbwa mwenyewe ana vyeti?" Nikanyamaza. Mimi niliyefundisha Baiolojia miaka thelathini na mmoja. Ugonjwa huu nimeuchora ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mshale kutoka kwenye jeraha kupanda hadi kwenye ubongo, na chini yake nimeandika kwa herufi kubwa kwamba dalili zikishaonekana hakuna tiba. Watoto wa watu wamefaulu mtihani kwa mchoro ule.

Karani alikufa siku ya tatu. Niliyemzika ni mimi, na nilijua ninachokizika. Bado ulikuwa na wiki kadhaa mbele yako ambazo sindano zingekuokoa. Nilikuona kila siku. Tulicheza bao. Nilikuwa nakutazama mkono, unapona vizuri, na kila ulipozidi kupona nikazidi kujiambia kwamba labda ulikuwa mfupa.

Yaliyofuata sitayaandika. Unayajua kuliko mimi. Nitaandika moja tu. Siku ile nilipoingia wodini ulikuwa umetulia kidogo, wamefunga pazia ili upepo usikuguse, ukanitambua, ukaniambia, "Mwalimu, usimseme yule binti wa sindano za mbwa. Alifanya kazi yake. Hii kadari." Ulikuwa unanifariji mimi. Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilikushika mguu juu ya shuka, nikasema pole.

Tulikuzika. Mkeo, Bi Asya, akakaa eda. Mimi niliketi mkekani na wazee wenzako, nikapewa kahawa, nikaitwa rafiki wa marehemu. Na tangu hapo kila Ijumaa mkeo aliniletea sahani ya pilau, imefunikwa kwa kawa, "chakula cha shemeji." Nilikula, Nassor. Mwanzoni ilinikwama. Baadaye nikawa naingoja.

Ungedhani uongo ukishamla mtu mmoja unashiba. Mtaa ulijifunza kwako. Watu walisema mbwa wa Nassor alikuwa na kadi, tena imebandikwa, na bado akaua. Na Nassor mwenyewe alichomwa sindano hospitali, akafa vilevile. Hawakujua kwamba sindano zako zilikuja wakati hazina tena kazi. Gari la matangazo liliporudi mwaka uliofuata, nilikwenda na Popi tukakuta mbwa saba. Mtaa wote huu. Vijana wa bodaboda pale kona waliniita, "Mwalimu, hayo maji ya sindano si bora upikie chai?" Nikacheka nao.

Mwezi uliopita mjukuu wako Munira alipita hapa kuwaona watoto wa Popi. Ana miaka kumi na mmoja sasa, ana meno yako. "Shikamoo babu." Marahaba. Akachuchumaa kwenye boksi, na gauni lilipopanda nikaona kitambaa amefungwa kwenye shavu la mguu. Nikamuuliza. Akasema ni mbwa, jana yake, akienda chuo cha Kurani. Mbwa wa nani? Hana mwenyewe, alimkuta tu njiani, anatembea upandeupande.

"Mmekwenda hospitali?"

"Bibi kanipaka manjano. Kasema sindano hazina kazi. Babu alichomwa na mbwa wake alichomwa."

Alilisema kama mtoto anayejibu swali darasani, ana uhakika na jibu.

Nilimwita Atupele anipe fimbo. Hakunielewa, maana nilikuwa sijatoka getini tangu Pasaka. Tulitembea kwako tukipumzika kila nyumba ya tatu, Munira ametangulia. Sikupanga maneno. Nilimkuta Bi Asya uani anachambua mchele, Suleiman yuko mlangoni na simu. Nilikataa kiti, nikiogopa kwamba nikikaa nitaomba maji, na nikinywa maji nitazungumza mengine. Nikawaambia Karani hakuchanjwa. Nikawaambia kuhusu kadi, na kuhusu ile kola, na kwamba sindano zako zilichelewa kwa sababu yangu, na kwamba za Munira hazijachelewa lakini waende sasa hivi.

Bi Asya hakupiga kelele. Ungo ulikuwa bado mapajani. Aliuliza kitu kimoja.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambia nini?"

Nikamwambia. Neno kwa neno, kama nilivyokuandikia hapo juu.

Suleiman alianza kunijia. Sijui angefanya nini, na singemzuia. Mkeo akasema, bila kupandisha sauti, "Suleiman, ita bajaji. Mtoto kwanza. Huyu mzee hatakimbia, hana miguu." Akasimama, akafunga ushungi, akamshika Munira mkono. Alipita karibu yangu kiasi cha kunigusa na hakunitazama. Mchele ulibaki uani. Atupele, ambaye naye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza, alinirudisha nyumbani. Siku ya pili ndipo aliponisemesha: "Baba, unywe uji."

Munira amechomwa zote. Nilikuwa naandika siku za sindano kwenye kalenda, nikimtuma Atupele achungulie kama bajaji imetoka kwao. Jana ilikuwa ya mwisho. Yuko salama, Nassor. Nadhani hilo ndilo unalotaka kulisikia, na ningelianza nalo kama ningekuwa mtu mwema.

Pilau haiji tena, na ni sawa. Munira amekatazwa kupita hapa. Nilimwomba mwenyekiti wa mtaa anikusanyie watu, nikasema tena mbele yao, safari hii nimekaa, maana kusimama siwezi. Mmoja wa wale wa bodaboda alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe sisi tunaogopa mbwa." Hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata chanjo iliisha kabla ya adhuhuri, wakatumwa kuleta nyingine. Popi nilimshika mwenyewe. Wakati sindano inaingia, mama mmoja nyuma yangu aliuliza kwa sauti ya kusikika, "Huyu amefika kweli, au kadi tu?" Nikageuka nikamwonyesha mbwa.

Watoto wanne wa Popi wameshaombwa. Nimemwambia Atupele asitoe hata mmoja kabla ya wiki nane, na atakayechukua aahidi kumrudisha hapa akifika miezi mitatu, achomwe mbele ya macho yetu. Popi atafungwa kizazi akishaachisha. Hayo yatafanyika hata nisipokuwepo. Atupele ni mtu wa kutimiza. Hilo hakulipata kwangu.

Siombi msamaha kwa barua. Ingekuwa njia nyingine ya kukuachia kitu juu ya kaunta na kuondoka. Nakuahidi kwamba muda huu mfupi uliobaki, atakayeniuliza ulikufaje nitamjibu, hata akiwa mtoto, hata akiwa amekuja kunitazama mgonjwa na ameshika machungwa. Kisha nitakuja. Sijui mmewekwa wapi, na kama wa kwenu na wa kwetu wanakutana. Wakikutana, sitakukimbilia nikuite jina kama nilivyozoea. Nitasimama mbali, nikungoje. Usiponiita, nitabaki pale pale niliposimama.

Kwaheri, Nassor.

Mwalimu